Usifute Faili Kubwa la Zamani: Dhana Potofu Kuhusu Nafasi ya Bakapu

"Fundi, diski ilijaa, nikaisafisha mwenyewe." Nikisikia hivyo moyo hunienda mbio, kwa sababu najua kinachofuata: amefuta faili moja kubwa la zamani na kuacha madogo mapya. Wiki hii nimeyasikia tena. Dada mmoja kaniletea diski ya nje yenye folda ya bakapu, yaani nakala za akiba za data yake. Ndani mna mafaili 41, kila moja la GB mbili au tatu, tarehe zimefuatana usiku baada ya usiku. La kwanza kabisa, lililokuwa na GB 210, halipo. Diski ya ndani ya kompyuta yake imekufa, na kila tukijaribu kurejesha, programu inalidai faili hilo la mwanzo.

Dhana yenyewe ni hii: bakapu mpya ndiyo yenye kila kitu, ya zamani inakula nafasi bure. Nimeipinga mara nyingi mno, na bado watu wanapoteza picha za watoto wao kwa sababu yake.

Programu nyingi za bakapu hazinakili kompyuta nzima kila usiku. Mara ya kwanza huchukua nakala kamili, kisha nakala za nyongeza, yaani kile tu kilichobadilika tangu nakala iliyotangulia. Bakapu ya jana usiku haina picha zako za mwaka juzi. Ina barua mbili ulizohariri na jedwali la hesabu, basi. Picha zimo katika lile faili kubwa ulilolifuta kwa kuiangalia tarehe. Huo ni mnyororo: ukikata pete ya katikati, zote zinazofuata hazifai tena, ukikata ya kwanza, umezipoteza zote.

Mpango huu upo kwa ajili ya kuokoa nafasi. Chukua kompyuta yenye GB 200 za data, ambapo GB 5 hubadilika kila siku. Nakala kamili kila siku kwa siku 30 ni GB 6,000. Nakala kamili moja na nyongeza 29 ni GB 345. Mtu akiona hesabu hiyo hununua diski ya GB 500 akiamini amebakiza nafasi ya kutosha. Hajabakiza. Ili mnyororo wa zamani ufutwe salama, mpya lazima uanze kwanza: nakala kamili nyingine ya GB 200 iandikwe hadi mwisho huku ya zamani ikiwa bado ipo. Hapo umefika GB 545. Programu itakwenda vizuri mwezi mzima, kisha usiku mmoja itashindwa, na asubuhi utakuta ujumbe kwamba diski imejaa. Ndipo watu huanza kufuta kwa mkono.

Futa kupitia programu yenyewe, kwenye mpangilio wa muda wa kutunza nakala. Yenyewe inajua nakala ipi inaitegemea ipi, na nyingi huweza kuunganisha nyongeza za zamani na nakala kamili kabla ya kuondoa chochote. Tena soma inavyofanya kazi: kwenye restic, mojawapo ya programu za bakapu, amri ya forget huondoa nakala katika orodha tu, nafasi hairudi mpaka uendeshe prune.

Wengine huniambia programu itajifutia, hakuna la kufuatilia. Inategemea ipi. Time Machine ya Apple hutunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita na za kila wiki kwa miezi ya nyuma. Diski ikijaa, hufuta za zamani zaidi. File History ya Windows huja ikiwa imepangwa kutunza matoleo yote milele, na diski ikijaa kazi inasimama.

Na huko kujifutia kuna hatari yake. Kuna wanaofuta picha kwenye kompyuta kwa kuwa "zipo kwenye bakapu". Ukifanya hivyo huna bakapu tena, una nakala moja tu, na siku zamu yake ya kufutwa ikifika, programu itaiondoa bila kukuuliza.

Kubana data hakutakupunguzia nusu ya nafasi kama diski yako imejaa picha za JPEG na video za MP4. Hizo zimeshabanwa tayari. Na diski ya TB 1 kuonekana kwenye Windows kama GB 931 si wizi, ni namna mbili tofauti za kuhesabu. Mimi hushauri diski ya bakapu iwe angalau mara mbili ya ile ya kompyuta, bila mjadala.

Nyongeza zikivimba ghafla, tafuta faili moja kubwa linaloguswa kila siku, kama hifadhi ya barua pepe au diski ya kompyuta pepe (kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta yako). Programu inayonakili faili zima italibeba lote kila usiku hata likibadilika kidogo tu. Litengee ratiba yake.

Kama umeshafuta lile faili kubwa, zima ratiba ya bakapu sasa hivi, kabla ya usiku. Bakapu ya leo itaandikwa kwenye diski hiyohiyo, pengine juu ya nafasi ileile iliyoachwa wazi. Angalia pipa la taka la diski, ingawa faili kubwa hivyo mara nyingi halipitii huko. Lisipokuwepo, chomoa diski, usihifadhi chochote humo, umpelekee fundi ikiwa hivyo ilivyo. Yule dada alifuta siku tatu kabla kompyuta haijafa, na ratiba ilikuwa bado inaendelea.