Kisukari, mishipa ya damu na figo: maswali na majibu

Kisukari ni sukari kuzidi kwenye damu. Figo zinaingiaje?

Figo kwa sehemu kubwa ni mishipa ya damu. Kila moja ina vichujio takriban milioni moja, na kila kichujio ni kifundo cha mishipa myembamba mno. Figo mbili huchuja majimaji kama lita 180 kwa siku, karibu yote yakarudishwa mwilini. Sukari ikikaa juu miaka mingi, mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio hupanuka na ule unaoitoa hubana. Presha humo ndani hupanda, hata kama mkono ukipimwa unaonyesha namba nzuri. Kuta hunenepa, makovu hujengeka, na albumini, protini ya damu, huanza kuvujia kwenye mkojo.

Nimekutwa na protini kwenye mkojo, daktari akataka kunipima moyo. Vinahusiana?

Sana, na hapa ndipo wengi huachwa gizani. Albumini inayovuja inaashiria kwamba utando wa ndani wa mishipa ya damu umeumia, na si wa figo peke yake: mishipa ya moyo, ubongo, miguu na macho hupitia uharibifu huohuo. Wagonjwa wengi wa aina hii hufariki kwa moyo au kiharusi kabla hawajafika hatua ya kusafishwa damu. Kwa hiyo dawa ya kushusha lehemu, kipimo cha macho na ukaguzi wa miguu vyote ni sehemu ya matibabu ya figo.

Nipime nini, na lini?

Vipimo viwili: uwiano wa albumini na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) kwenye mkojo, na kreatinini ya damu inayotumika kukokotoa kasi ya figo kuchuja. Kisukari aina ya 2, anza siku ile unapogundulika. Aina ya 1, baada ya miaka 5. Kisha kila mwaka. Chini ya miligramu 30 za albumini kwa gramu ya kreatinini ni kawaida; 30 hadi 300, uvujaji umeanza; zaidi ya 300, ni mkubwa. Kasi ya kuchuja iliyo chini ya mililita 60 kwa dakika kwa zaidi ya miezi 3 ni ugonjwa sugu wa figo.

Kijiti cha mkojo cha zahanati hunasa uvujaji mkubwa tu, hivyo jibu la "hakuna protini" lisikutulize. Peleka mkojo wa kwanza wa asubuhi. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo, hedhi au mazoezi makali ya jana vinaweza kupandisha namba, kwa hiyo kipimo kibaya kirudiwe kabla ya kukubaliwa. Na kukojoa vizuri bila maumivu si ushahidi wa chochote.

Presha yangu ni 128/78. Kwa nini nimepewa losartani, dawa ya presha?

Kwa sababu hulegeza ule mshipa wa kutolea damu, presha ya ndani ya kichujio ikashuka. Enalaprili hufanya vivyo hivyo, ila huwakoholesha baadhi ya watu. Dapagliflozini, dawa ya kisukari, hushusha presha hiyo kwa upande wa pili: hubana mshipa wa kuingizia.

Wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza losartani, pima kreatinini na potasiamu. Kreatinini kupanda hadi asilimia 30 huvumilika. Ikizidi hapo daktari atafute sababu, mojawapo ikiwa mshipa mkuu wa figo uliosinyaa. Mjamzito asitumie dawa hizi. Ukiharisha au kutapika sana, uliza upesi kama uzisimamishe mpaka utakapoanza kula na kunywa vizuri.

Sukari yangu sasa inashuka mno kwa dozi ileile. Ninapona?

Usishangilie mapema. Figo husaidia kuondoa insulini mwilini. Zikichoka, insulini hukaa muda mrefu zaidi. Glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, nayo hurundikana. Ukitokwa jasho na kutetemeka mara kwa mara, nenda ukapimwe figo. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, hupunguzwa kasi ya kuchuja ikishuka chini ya 45, na huachwa chini ya 30.

Vipi chumvi, maji na dawa za maumivu?

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye mkate, ng'onda na viungo vya pakiti. Diklofenaki na aibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye vichujio. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ni salama zaidi. Kunywa maji kupita kiasi hakuzibi tundu lolote, na figo zikishafeli maji hayo huishia miguuni na kwenye mapafu.