Wimbo wa Praiveti Cecil Gant wa 1944 bado una wenyewe

Dawati letu la hakimiliki linazidi kupokea malalamiko ya aina moja. Mtu ameweka mtandaoni video yenye wimbo wa kale wa Marekani, video imeondolewa, naye anauliza: wimbo wa enzi za Vita Vikuu vya Pili, mwimbaji alishafariki, nani tena ananidai? Tunaamini wengi hawana nia mbaya. Tuchukue basi mfano mmoja, "I Wonder", tuufuate tangu ulipoanza.

Mwaka 1942 kampuni kubwa za santuri za Marekani zilibanwa pande mbili. Shelaki, utomvu wa wadudu ulioagizwa kutoka India kutengenezea sahani, ilianza kutolewa kwa mgawo kwa sababu ya vita. Kisha tarehe 1 Agosti chama cha wanamuziki chini ya James Petrillo kikagoma kurekodi. Kampuni ya Decca ilipatana nacho mwaka 1943. Columbia na Victor zilishikilia msimamo hadi Novemba 1944. Nafasi hiyo ikajazwa na kampuni ndogo, nyingi zikiwa Los Angeles, mji uliokuwa umepokea maelfu ya Wamarekani Weusi waliofuata ajira katika viwanda vya ndege na meli. Walikuwa na mishahara, na mashine za santuri kwenye baa zilihitaji nyimbo zao.

Hapo ndipo anapoingia Cecil Gant, mpiga piano kutoka Tennessee aliyekuwa jeshini. Aliurekodi "I Wonder" kwanza kwa Bronze, kampuni ya Leroy Hurte, kisha akaurudia kwa Gilt-Edge, ambayo iliandika kwenye lebo cheo chake cha kijeshi, praiveti. Ni sauti ya upole na piano: mwanamume anajiuliza mpenzi wake yuko wapi usiku huu. Mwaka 1944 swali hilo lilikuwa la nyumba nyingi. Kufikia mapema 1945 santuri ya Gilt-Edge ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza katika orodha ya jarida la Billboard ya muziki wa watu Weusi. (Jina R&B, yaani rhythm and blues, lilikuwa bado; Billboard iliipa orodha hiyo jina hilo mwaka 1949.) Mwimbaji wa blues Roosevelt Sykes akaurekodi, naye akafika juu. Louis Armstrong akaurekodi pia, kwa Decca.

Je, Sykes na Armstrong waliiba? Hapana, na tungeomba swali hili lisirudi kila wiki. Sheria ya Marekani ya 1909 ilisema kwamba mwenye utunzi (maneno na muziki wa wimbo) akisharuhusu urekodiwe mara moja, mwingine yeyote anaweza kuurekodi kwa leseni ya lazima, yaani ambayo mwenye haki hawezi kuikataa. Alitakiwa kumpelekea mwenye haki notisi kwa barua ya rejista, nakala yake iende Ofisi ya Hakimiliki, alipe senti 2 kwa kila nakala iliyotengenezwa, na, akidaiwa, atoe taarifa ya kiapo kila tarehe 20 ya mwezi kuhusu nakala za mwezi uliotangulia. Asiyetoa notisi wala kulipa, mahakama iliweza kumwongezea hadi mara tatu ya kiwango hicho. Leseni hiyo ilihusu utunzi. Haikumpa mtu ruhusa ya kuchukua sauti ya Gant na kuichapa upya.

Kwa hiyo hapa kuna utunzi mmoja na rekodi kadhaa, kila moja na hesabu yake. Utunzi uliochapishwa Marekani mwaka 1944, hakimiliki yake ikahuishwa kwa wakati, unalindwa huko hadi mwisho wa 2039. Rekodi zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 zinalindwa miaka 100, kwa sheria iliyopitishwa 2018. Ya Gant ya 1944 itafika mwisho wa 2044. Kwamba yeye alifariki Februari 1951 hakupunguzi hata siku moja ya muda huo. Nchi nyingine zina hesabu tofauti, lakini jukwaa likiwa la Kimarekani, notisi ya kuondoa video itakufuata kwa sheria ya Kimarekani.

Fidia ya kisheria huko ni dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 kosa likiwa la makusudi. Kwa rekodi za zamani kama hii, mwenye haki lazima awe ameiorodhesha kwanza katika Ofisi ya Hakimiliki ndipo adai kiwango hicho. Kuandika chini ya video "wimbo huu si wangu" hakukukingi. Unajitolea ushahidi mwenyewe.

Ukiondolewa video kimakosa, unaweza kupeleka notisi ya kupinga, ukitaja jina na anwani yako na kuthibitisha kwamba kosa limefanyika, ukijua kwamba uongo ni kosa la kiapo. Mlalamikaji asipofungua kesi, jukwaa hurejesha video kati ya siku 10 na 14 za kazi. Usiitume kwa hasira, na usiitume kwa sababu tu wimbo ni wa zamani. Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya wakili. Mwenye shauri lake aje na nakala ya notisi aliyopokea na anwani ya video husika.