Nchi ikipinduka, hupindukia kushoto au kulia?

Swali hili niliulizwa Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, mwisho wa darasa la uraia ambalo kituo chetu hulifanya pale nyakati za jioni. Aliyeuliza ni mzee mmoja, nahodha aliyestaafu. "Mwalimu," alisema, "nti ikipinduka, hupindukia kushoto au kulia?" Vijana wakacheka. Jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi mno, na mwenyewe aliniambia hivyo, kwa hiyo nalirudia hapa kwa urefu kidogo.

Maneno yenyewe kwanza. Kushoto na kulia kwa siasa kulianza kama habari ya viti. Mwaka 1789, bunge la Ufaransa lilipokuwa likijadili kama mfalme awe na kura ya turufu, waliomtetea walikaa mkono wa kulia wa spika na waliotaka kumpunguza nguvu wakakaa kushoto. Baadaye kushoto likawa jina la wanaotaka mali na madaraka vigawanywe upya, na kulia jina la wanaolinda dini, mila, mali na ngazi za jamii kama walivyozikuta. Amu, yaani Lamu, ya zamani nayo ilikuwa na pande zake mbili, Zena na Suudi, na sidhani yupo aliyewahi kujiuliza upi kati yao ulikuwa wa kushoto.

Wengi hudhani mapinduzi huletwa na upande fulani, kama shehena inavyoletwa na jahazi. Nikiisoma historia naona mwendo mwingine: dola hulegea kwanza, kisha pande zikashindania kilichoanguka. Januari 1917 Lenin, kiongozi wa Wabolsheviki wa Urusi, alikuwa uhamishoni Uswisi, akiwaambia vijana kwamba wazee kama yeye huenda wasiyaone mapambano ya mapinduzi yajayo. Hata miezi miwili haikupita, wanawake wa viwanda vya nguo vya Petrograd wakatoka barabarani kudai mkate. Askari waliotumwa kuwatawanya, baada ya siku chache, wakageuka na kujiunga nao, na Tsar Nicholas II, mfalme wa Urusi, akajiuzulu. Chama cha Lenin hakikumwangusha Tsar. Kiliiangusha serikali ya mpito miezi minane baadaye, serikali iliyong'ang'ania vita ambavyo wanajeshi wake hawakuvitaka tena.

Hapo mzee alinikatiza. Upepo wa kusi huvuma kila mwaka, akasema, na mashua hazipinduki kila mwaka, kaangalie farumi, ule uzito unaowekwa chini ya chombo kisipinduke. Nimelichukua neno lake. Farumi ya serikali ni fedha za kulipa wafanyakazi wake, askari wanaotii amri, na wakubwa ambao bado wanaona heri kuzama pamoja kuliko kuachana. Vikihama hivyo vitatu kwa wakati mmoja, hata upepo mdogo unatosha.

Njaa peke yake haichagui upande. Ujerumani ya 1932 ilikuwa na watu wapatao milioni 6 wasio na kazi. Katika uchaguzi wa Novemba mwaka huo, chama cha Hitler kilipata viti 196 na Wakomunisti wakapata 100. Dhiki ilikuwa ile ile, mtaa ule ule, na majirani wawili wakapiga kura kwa maadui wawili. Kilichoamua ni nani aliyefunguliwa mlango: Januari 30, 1933 rais Hindenburg alimteua Hitler kuwa kansela, kwa ushauri wa wahafidhina waliodhani wangeweza kumtumia. Italia hali kadhalika. Mfalme alikataa kutia sahihi amri ya hali ya hatari mwezi Oktoba 1922, akamwita Mussolini aje aunde serikali, naye akaja Roma kwa treni, amelala behewani, wakati wafuasi wake wanatembea kwenye mvua.

Kwa hiyo nikibanwa nijibu, nitasema kushoto mara nyingi huja kwa barabara, na kulia mara nyingi huja kwa mlango wa ikulu, akiwa amekaribishwa. Kambi ya jeshi haina upande wake. Septemba 1973 wanajeshi wa Chile walimpindua rais wa mrengo wa kushoto, Salvador Allende. Miezi saba baadaye, Aprili 1974, makapteni wa Ureno waliochoshwa na vita vya Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau waliuangusha udikteta wa mrengo wa kulia uliodumu miaka 48. Wenzetu wa Malindi wanaopita kila siku chini ya nguzo ya Vasco da Gama wana haki ya kutabasamu: himaya iliyoanza kwa merikebu zile iliwarudia watawala wake kupitia bunduki za askari wao wenyewe.

Iran ndiyo inayowachanganya wanafunzi wangu kuliko zote, na naipenda kwa sababu hiyo. Mwaka 1978 waliompinga Shah, mfalme wa Iran, walikuwa wafanyabiashara wa sokoni, wanafunzi wa Kimaksi, wafanyakazi wa mafuta waliogoma, na maulamaa. Shah aliondoka Januari 1979. Wa kushoto walikuwa wamefungwa na kuwindwa kwa miaka mingi. Maulamaa walikuwa na misikiti kila kitongoji, na hotuba za kiongozi wao Khomeini zilizosambazwa kwa kaseti. Waliokuwa na mtandao ndio walioirithi nchi, na ndani ya miaka michache makundi ya kushoto yakavunjwavunjwa na waliokuwa wenzao. Dada mmoja darasani akauliza: na Habib Saleh je? Mgeni kutoka Ngazija, aliyewasomesha watoto wa watumwa Kurani katika mji ambao waungwana waliona elimu hiyo ni mali yao, akaacha msikiti wa Riyadha, na maulidi yanayowakusanya watu hapa hadi leo. Lugha yake ilikuwa ya dini tupu, na waliopandishwa walikuwa wa chini kabisa. Nilishindwa kumweka upande wowote, na bado nashindwa.

Kisha kuna Zanzibar, habari ambayo pwani hii haiisemi kwa sauti kubwa. Amu ilikuwa sehemu ya mwambao wa Sultani hadi Desemba 12, 1963. Mwezi mmoja kamili baadaye, Januari 12, 1964, Sultani mwenyewe alikimbia. Katika uchaguzi wa 1963 chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata asilimia 54 ya kura na viti 13 tu kati ya 31, kwa hiyo wapinzani wake ndio walioshika serikali. Serikali mpya ikawaachisha kazi askari polisi kadhaa wenye asili ya bara, farumi yenyewe ikitupwa baharini. John Okello, aliyeongoza uasi, na watu wake walipoteka bohari za silaha za polisi, hawakuwa na kitabu cha Marx mkononi. Malalamiko yalikuwa ya ardhi, rangi na kura, na damu nyingi ilimwagika. Mwelekeo wa kushoto ulikuja baadaye, wakati Abdulrahman Babu na wenzake wa chama cha Umma walipoingia serikalini, wakiwa na mpango ambao Okello hakuwa nao. Machi mwaka huo huo Okello alikwisha kufungiwa mlango wa visiwa.

Kenya bara na pwani, tumezoea kuhesabu makabila kuliko mirengo. Hata Waraka Namba 10 wa serikali wa 1965 uliitwa wa ujamaa wa Kiafrika huku ukilinda mali ya mtu binafsi, jina la kushoto juu ya mkono wa kulia. Vijana walioingia bungeni Juni 25, 2024 kupinga Mswada wa Fedha walijitangaza kuwa hawana kabila, chama wala kiongozi. Siku iliyofuata rais alikataa kuutia sahihi mswada, na baadhi yetu tukaanza kutafuta neno kubwa zaidi ya maandamano. Lakini jeshi lilitoka kuilinda serikali, na kabla ya Julai kwisha wanasiasa wa upinzani walikuwa wametajwa kuwa mawaziri. Wakubwa walisogeleana badala ya kuachana. Na kwa kuwa vijana wale hawakuwa na chama, hata kama kiti cha rais kingebaki wazi siku ile, hakukuwa na aliyepangwa kukikalia, wa kushoto wala wa kulia.