Sparingi na Ubongo: Maswali ya Mabondia Chipukizi na Wazazi wao

Haya ni maswali ambayo huulizwa mara kwa mara na vijana wanaojifunza ndondi, kikboksingi na taekwondo katika kumbi za mitaa ya Nairobi, pamoja na wazazi wao. Sparingi ni yale mazoezi ambayo wenza wawili huvaa glavu na kupigana kana kwamba wako ulingoni.

Mwanangu hajawahi kupigwa akazimia. Je, si dalili kwamba ubongo wake uko salama?

La. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawapotezi fahamu hata kidogo. Ubongo ni kiungo laini kinachoelea katika majimaji ndani ya fuvu, na konde linalokuja kwa kuzunguka na kutua kwenye taya hukigeuza kichwa ghafla huku ubongo ukichelewa kukifuata, hivi kwamba nyuzi nyembamba za neva huvutika na kufanya kazi ovyo kwa muda. Anayepigwa hivyo huenda akaumwa na kichwa, akapata kizunguzungu au kichefuchefu, akachukia mwanga, akawa mkali bila sababu au akasahau mambo ya karibuni, na dalili nyingine hujitokeza baada ya saa kadhaa au hata kesho yake.

Jioni moja, katika ukumbi mmoja wa Eastlands, nilimwona kijana akivua kofia ya kinga, akaketi kwenye benchi, na kumuuliza kocha wake raundi ya pili ingeanza lini. Alikuwa amekwisha kumaliza raundi nne. Wenzake waliangua kicheko wakidhani anatania, naye akacheka pamoja nao, ila vidole vyake vilikuwa vikipapasa kamba za glavu bila kujua pa kuanzia kuzifungua. Mtu wa namna hiyo huondolewa mazoezini papo hapo, wala harudi siku hiyo hata akiapa kwamba yu mzima.

Kofia ya kinga na glavu za wakia 16 hazitoshi?

Kofia huzuia michaniko ya ngozi na michubuko, na kwa hilo inastahili kuvaliwa. Isichoweza kuzuia ni kule kuzunguka kwa ghafla kwa kichwa. Chama kilichosimamia ndondi za ridhaa duniani, AIBA, kiliwaondolea kofia wanaume wa ngazi ya juu mwaka 2013, na katika Olimpiki za Rio za mwaka 2016 wanaume walipigana vichwa wazi. Uamuzi huo ungali unabishaniwa, nami siuleti hapa ili mtu atupe kofia yake. Glavu nene nazo hupunguza makali ya konde, lakini mara nyingi humpa mpigaji ujasiri wa kupiga kwa nguvu zaidi. Kinga ya meno hulinda meno.

Kwa nini mnahofia mazoezi kuliko pambano lenyewe?

Kwa sababu ya hesabu. Pambano la ridhaa lina raundi tatu, daktari yupo kando ya ulingo, na refa ana mamlaka ya kulisimamisha. Bondia anayepigana mara tano kwa mwaka hufikisha raundi 15. Huyo huyo akifanya sparingi mara mbili kwa wiki, raundi sita kila mara, kwa wiki 50, atakuwa amecheza raundi 600, nyingi zikiwa hazina daktari, na wakati mwingine mwenzake amemzidi kilo kumi. Kwa maoni yangu, desturi ya kumtupa mgeni mbele ya bondia mzoefu ili “apimwe moyo” ndiyo mbaya kuliko zote.

Ni dalili gani zinazodai hospitali bila kuchelewa?

Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika mara kwa mara, degedege, maneno yanayoburuzika, udhaifu wa mkono au mguu, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, kuchanganyikiwa kunakoongezeka, au usingizi mzito ambao ni vigumu kumwamsha mtu. Huenda mshipa umepasuka na damu inaukandamiza ubongo, na hilo linataka hospitali yenye mashine ya skani na wapasuaji wa ubongo, si kemisti ya mtaani. Asipakiwe kwenye bodaboda akiwa analegea. Na ikiwa shingo inamuuma, asisogezwe hadi wahudumu wa ambulensi wafike.

Wakenya wanalijua jambo hili kwa uchungu. Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya ndondi kutoka Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas mwezi Julai 1994 kwa majeraha ya kichwa. Refa alikuwa amelisimamisha pambano, naye Wangila alizirai baadaye, akiwa amekwisha kurudi katika chumba cha kubadilishia nguo.

Dalili hizo zisipokuwapo, tufanye nini usiku wa kwanza?

Asiachwe peke yake. Anaweza kulala, mradi mtu amchungulie na kuhakikisha kwamba anaamka na kuitika kwa akili timamu. Asinywe pombe, asiendeshe gari wala pikipiki, na asimeze aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, kwa kuwa zaweza kuzidisha kuvuja kwa damu, parasetamoli inafaa. Hata hivyo aonwe na daktari, na mfahamu kwamba skani safi haimaanishi kwamba hapakuwa na mtikisiko, kwani skani hutafuta damu na mivunjiko.

Arudi lini?

Apumzike siku moja au mbili, kisha aanze kutembea na mazoezi mepesi, akipanda hatua kwa hatua mradi dalili hazizidi. Mwanafunzi arejee darasani kikamilifu kabla ya kurejea ulingoni. Kupigwa tena kabla ubongo haujapona kwaweza, kwa nadra, hasa kwa vijana, kuleta uvimbe wa ghafla unaoua. Kwa hiyo sparingi huja mwisho kabisa, kwa idhini ya daktari.

Na baada ya miaka mingi?

Mwaka 1928 daktari Mmarekani, Harrison Martland, alieleza hali ya mabondia waliotembea na kuongea kama walevi ilhali hawakunywa. Leo tunajua kwamba vipigo vya miaka mingi huweza kuacha marundo ya protini iitwayo tau katika ubongo, pamoja na usahaulifu, huzuni na hasira. Ugonjwa huo huthibitishwa kwa uchunguzi baada ya kifo tu. Vipigo vidogo visivyoleta dalili navyo huhesabiwa.

Je, nimwachishe?

Sina jibu moja kwa kila nyumba. Kuruka kamba, kupiga begi, na sparingi ya mwilini tu, bila kugusa kichwa, vinajenga bondia vizuri. Kabla ya kulipa ada, muulize kocha sparingi ya nguvu hufanywa mara ngapi kwa mwezi, wenza hupangwa vipi, na ni nani aliyezuiwa kucheza mwezi uliopita kwa sababu ya kichwa. Kocha makini atafungua daftari akuonyeshe tarehe.