Msimkalishe koko: nguvu za miguu katika mji wa milima

Bukavu haina njia tambarare nyingi. Ukishuka kutoka Kadutu kwenda Nyawera, ukipanda Muhungu, ukienda Panzi kusali au ukirudi Bagira, ni mlima na mteremko, na kuanzia Septemba hadi Mei ni matope pia. Ndiyo maana mzee wa mji huu akipoteza nguvu za mapaja hupoteza mambo mengi kwa mara moja: kanisa, soko, matanga ya jirani, jua la asubuhi, maongezi na wenzake. Mimi ni kine, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo. Kazi yangu ni kuwarudishia watu mwendo, na wengi wa wanaokuja kwangu wana mvi kichwani. Leo nawaandikia watoto na wajukuu wanaoishi na koko, yaani bibi au babu.

Kuna jambo ninaloliona tena na tena. Mama aliyezoea kubeba kikapu cha maharagi hadi sokoni Nyamugo anafika miaka 70 hivi, na watoto wanamwambia: "Koko, umetulea, sasa kaa tu." Wanampa kiti cha saloni (sebule), kizuri, laini, cha chini. Maji ya kunawa yanaletwa palepale, sahani palepale, simu palepale. Ni heshima ya kweli na siidharau hata kidogo. Lakini mwaka haujapita, mama yule anahitaji watu wawili wa kumnyanyua, na familia inaniambia, "Kine, ni uzee." Uzee upo, ndiyo. Ila sehemu kubwa ya udhaifu ule imetoka kwenye kile kiti.

Misuli ya binadamu hupungua kadiri miaka inavyosonga, na baada ya miaka 60 inapungua kwa kasi zaidi. Asiyeitumia huipoteza haraka kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa watu wenye umri mkubwa waliokuwa na afya nzuri: waliwalaza kitandani siku 10 tu, na kwa wastani kila mmoja akapoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Siku 10! Sasa fikiria mzee aliyelala wiki tatu kwa malaria na nimonia, akala kidogo, halafu akaambiwa apumzike mwezi mzima "ili apate nguvu". Nguvu haziji kwa kulala. Homa ikiisha na daktari akikubali, siku hiyohiyo aanze kukaa kitako, kisha kusimama, kisha kwenda chooni kwa miguu yake hata kama ameshikwa mkono.

Habari njema ni kwamba misuli ya mzee bado inajifunza. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake huko Boston walitangaza matokeo ya kazi waliyoifanya na wakazi dhaifu wa nyumba ya wazee, watu wenye miaka 86 hadi 96. Kwa wiki 8 walinyanyua uzito kwa miguu, uzito wa kweli, si kupunga mikono hewani. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kila mara familia inaponiambia mama ana miaka 82 na hakuna la kufanya, nawasimulia hao.

Shirika la Afya Duniani, OMS, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawaambia watu wa miaka 65 na zaidi watembee au wafanye kazi ya kuchangamsha mwili dakika 150 hadi 300 kwa wiki, wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2, na mazoezi ya kuchanganya nguvu na usawa wa mwili siku 3 au zaidi. Kutembea Bukavu kunatosha kwa hilo la kwanza, kwani nani hapa asiyetembea? Linalokosekana ni hayo mengine mawili, na hayahitaji chumba cha mazoezi.

Anza na kipimo. Chukua kiti cha mbao kisicho na mikono, cha kimo cha kawaida, kiegemeze ukutani. Koko akae, akunje mikono kifuani, asimame wima kabisa na kukaa tena, mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Wewe hesabu na simama karibu. Mama wa miaka 70 hadi 79 anayepata chini ya 10, au baba wa miaka 70 hadi 74 anayepata chini ya 12, nguvu zake ziko chini ya wastani wa rika lake na hatari ya kuanguka imepanda. Akishindwa kusimama hata mara moja bila kujisukuma kwa mikono, basi hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Kipimo hicho ndicho pia dawa, na ningependa kieleweke vizuri kwa sababu wengi wanakifanya vibaya. Ajisogeze mbele hadi nusu ya kiti. Nyayo azivute nyuma kidogo ya magoti, na ziwe zimetengana kwa upana wa nyonga. Kisha ainamie mbele hadi pua ipite magoti. Hapa ndipo wazee hukwama, wanaogopa kuinama, wanajivuta nyuma na mwili unakataa. Uzito ukishafika juu ya nyayo, asukume ardhi na kusimama. Kukaa ndiko muhimu zaidi: ashuke polepole, ukihesabu moja hadi nne, asijitupe. Mara 5, apumue, mara 5 tena, na tena. Kama kiti kinamshinda, weka kikwembe kilichokunjwa au mto juu yake ili kiwe juu zaidi; wiki zinavyopita, upunguze. Akifika mahali anafanya 10 huku anakuhadithia habari za ndoa ya jirani, mpe kibidoni cha lita 2 cha maji akishike kifuani. Zoezi lisilochosha kabisa halijengi misuli. Afanye siku moja, apumzike siku moja.

Usawa wa mwili unafundishwa mlangoni. Ashike fremu ya mlango, anyanyue visigino juu na kuvishusha, kisha asimame kwa mguu mmoja sekunde 10 akiwa bado ameshika, kisha akishika kwa vidole viwili tu vya mkono. Mtu mmoja awe nyuma yake. Magoti yakiuma kidogo wakati wa zoezi si ubaya, mradi asubuhi ya pili yametulia. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika ni kuacha zoezi hapo hapo na kwenda kumwona daktari.

Kuhusu mteremko: wazee wetu wanaogopa kupanda kwa sababu kunachosha, lakini kushuka ndiko kunakoangusha. Ukishuka, paja linafanya kazi ya kuzuia mwili, na paja dhaifu huachia ghafla. Ndiyo sababu nasisitiza kule kukaa polepole. Ni mazoezi ya kushuka. Njiani ashuke kwa hatua fupi, kwa upande kidogo pale penye ukali, na avae kiatu kinachofunga kisigino. Kandambili zilizolika kwenye udongo mwekundu baada ya mvua sizitetei hata kidogo, na kikwembe kinachoburura chini pia ni mtego. Fimbo iwe na mpira mwishoni, kimo chake kifike kwenye kifundo cha mkono mkono ukining'inia, na ishikwe upande wa mguu mzima, si upande unaouma. Kwenye ngazi, kupanda unatangulia mguu wenye nguvu. Kushuka, inatangulia fimbo pamoja na mguu mbovu.

Sasa dawa, na hapa nina uchungu. Wazee wengi wananunua diclo (diclofenac, dawa ya maumivu) farmasi ya kona kwa ajili ya magoti, wanameza miezi na miezi, huku wana dawa za presha za daktari kwenye mfuko uleule. Diclo hupandisha presha, hubana figo, na inaweza kutoboa tumbo bila kutoa onyo. Dexa (dexamethasone, dawa ya jamii ya steroidi) ni mbaya zaidi ikitumiwa ovyo: siku chache mtu anajisikia kijana, kisha misuli ya mapaja inayeyuka, mifupa inakuwa dhaifu, sukari inapanda. Aliyeimeza muda mrefu asiiache ghafla peke yake. Daktari ndiye wa kumpunguzia hatua kwa hatua. Leta dawa zote za mzee kwenye mfuko mmoja, za hospitali na za mitishamba, zionwe pamoja.

Pima pia presha mara mbili: akiwa amelala dakika 5, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 2 au zaidi jinsi tunavyoisoma hapa, tuseme kutoka 14 hadi 12 (yaani 140 hadi 120), umepata sababu moja ya kuanguka kwake usiku anapokimbilia choo. Daktari atazame upya dawa na saa za kuzimeza. Mzee mwenyewe akae ukingoni mwa kitanda kidogo, achezeshe nyayo, ndipo asimame. Torochi iwe chini ya mto, maana umeme haungoji mtu afike chooni.

Chakula nitakigusa kwa ufupi. Bugali wa muhogo na sombe, yaani majani yake, hushibisha tumbo, lakini bugali huo karibu hauna protini. Wataalamu wa lishe wanampendekezea mzee gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, isipokuwa mgonjwa wa figo ambaye afuate daktari wake. Kwa mama wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72, na yai moja lina kama 6 tu. Kwa hiyo maharagi kila siku, soya kwenye uji wa asubuhi, na sambaza, yaani samaki mdogo wa ziwani, mzima na mifupa yake, akitwangiwa kama meno yamekwisha. Na asigawie wajukuu wote nyama yake. Mabibi wetu wana tabia hiyo na lazima tuwe wakali kwa upendo.

Akianguka hata hivyo, msikimbilie kumvuta kwa mikono. Tazameni kwanza. Mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwingine na unyayo umegeukia nje, na hawezi kuunyanyua, nyonga huenda imevunjika: asikandwe, asivutwe na mtu wa kufunga mifupa, apelekwe hospitali akiwa amelala, siku hiyohiyo. Kama hakuna maumivu makali, aongozwe: ageukie ubavu, ajiinue kwa magoti na mikono, atambae hadi kwenye kiti imara, aweke mikono juu ya kiti, atangulize mbele unyayo wa mguu wenye nguvu, asukume, ageuke, akae. Mfundisheni njia hiyo wakati ni mzima, juu ya mkeka, mkiwa wawili pembeni yake. Wazee wengi wanaoacha kutoka nje wameogopa hasa kubaki chini peke yao, na nimeona wengine wakirudi hadi sokoni baada ya kujua tu kwamba wanaweza kuinuka.