Mbwa akoshwe mara ngapi?

Mbwa wa manyoya mafupi, kama walivyo wengi wanaolinda nyumba na mashamba Unguja na Pemba, akikoshwa mara moja kwa mwezi inamtosha. Wa manyoya marefu akoshwe kila baada ya wiki tatu au nne. Anayekoshwa kila wiki kwa sabuni ya kufulia kwa kuwa ananuka, mara nyingi ananuka kwa sababu hiyo hiyo: sabuni huondoa mafuta ya ngozi, ngozi hukauka na kupasuka, mbwa akajikuna, na bakteria na kuvu wakapata pa kuzaliana. Mwenyewe akisikia uvundo umerudi, humkosha tena.

Tumia shampuu ya mbwa. Ya watu imetengenezwa kwa ngozi yenye asidi zaidi kuliko ya mbwa, na sabuni ya unga ni kali mno. Mbwa wa kilo 15 hadi 20 anahitaji maji kama lita 20. Mkoshe asubuhi, jua liweze kumkausha hadi ndani. Mchane kwanza, kisha mrowanishe kuanzia shingoni kwenda mkiani. Kichwa kiwe cha mwisho, kwa kitambaa tu. Koroga vijiko viwili vya shampuu katika nusu lita ya maji, sugua, uiache dakika tano. Ikiwa ni ya dawa, kwa kawaida ni dakika kumi, na hizo zihesabiwe kwa saa.

Kusuuza ndiko kunakoharakishwa. Nusu ya maji yabaki kwa kazi hii, maana povu linalobaki makwapani na baina ya vidole huwasha. Katika vijiji vya pwani vilivyo kwenye ardhi ya mawe, visima vingi vina maji magumu au ya chumvi: povu halitoki vizuri, na utando hubaki kwenye manyoya. Basi ndoo ya mwisho iwe ya mvua au ya mfereji. Kuogelea baharini hakuhesabiki kuwa ni kukoshwa. Akitoka huko naye asuuzwe.

Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa, umajimaji wa mbwa ni najisi nzito, hutoharishwa kwa kukosha mara saba, moja kwa udongo. Ndoo, kopo na taulo viwe vyake peke yake, na akoshewe mbali na kisima.

Kupe hawaondoki kwa maji matupu. Dawa ya kudondoshea mgongoni huenea kupitia mafuta ya ngozi, kwa hiyo usimkoshe siku mbili kabla wala siku mbili baada ya kuitia, isipokuwa karatasi yake ikisema vingine. Ikiwa ina permethrini (sumu ya kuulia wadudu), paka wa nyumbani asimlambe wala asilale naye, inaweza kumuua. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo isikisiwe kwa jicho: amitrazi, sumu ya kupe iliyomo katika baadhi ya dawa hizo, ikizidi, mbwa hulegea, hutapika na moyo hupiga polepole.

Mtoto wa mbwa chini ya wiki nane apanguswe kwa kitambaa chenye uvuguvugu. Anayenuka siku mbili tu baada ya kukoshwa, anayetikisa kichwa au mwenye vipara vya duara ana maradhi, na apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kukoshwa tena kwanza, daktari aone ngozi ilivyo.