Montreal ilianza kupitwa na Toronto kabla ya 1976
Husimuliwa kwamba Montreal ilipoteza nafasi ya kuwa kitovu cha biashara cha Kanada kwa sababu chama cha Parti Québécois, kilichotaka jimbo la Quebec, ulipo mji huo, lijitenge na Kanada, kilishinda uchaguzi wa Novemba 1976. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa 1978 kampuni ya bima ya Sun Life ilitangaza kuhamishia makao yake makuu Toronto, mji wa jimbo jirani la Ontario, ikitaja sheria ya 1977 ya kukuza Kifaransa. Hata hivyo, naona siasa hizo ziliharakisha tu msafara uliokwisha kuondoka: soko la hisa la Toronto, lililonenepeshwa na hisa za migodi, lilikuwa limeshalipita la Montreal tangu miaka ya 1930, na njia ya maji ya St. Lawrence, iliyofunguliwa 1959, iliziwezesha meli kubwa kuendelea hadi Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini bila kupakua shehena Montreal.